Barua za Agosti Zinataka Jibu

Julai ikikaribia kwisha, wazazi wanaozungumza Kiswahili huku Louisville, Dallas, Grand Rapids na Boise huanza kupokea ujumbe mmoja baada ya mwingine kutoka shule za umma. Leo ni fomu ya chakula, kesho kituo cha basi, keshokutwa kadi ya chanjo, halafu jioni ya kukutana na mwalimu. Mzazi aliyetoka zamu ya usiku kiwandani huutazama, akaona Kiingereza kirefu, akauacha. Likiwa jambo kubwa, anajiambia, shule itaniita.

Haitamwita. Sisi tuliosoma Kigoma, Uvira au kambini Nyarugusu tulizoea shule inayomwita mzazi pale mambo yanapoharibika, na kumwachia mwalimu kazi yake ilikuwa heshima. Shule ya umma ya Marekani imejengwa kwa hesabu nyingine. Karibu kila karatasi inayotumwa kabla ya kufungua inamngoja mzazi ajaze, asaini, akubali au akatae. Asipojibu, uamuzi hufanyika bila yeye, na kimya chake huandikwa kana kwamba ameridhika.

Jambo la pili linalowachanganya wengi ni kwamba hakuna shule ya Marekani kwa maana ya mfumo mmoja. Nchi hii ina takriban wilaya za shule 13,000, nyingi zikiwa na bodi inayochaguliwa kwa kura, bajeti yake na kalenda yake. Watoto wa Georgia wengi hurudi darasani mapema Agosti, ilhali wa jiji la New York husubiri hadi Septemba. Kwa hiyo habari aliyokupa binamu yako wa Atlanta ni habari ya Atlanta. Umri wa kuanza chekechea, sheria za simu, hata idadi ya siku za kukosa shule kabla hujaitwa, uliza wilaya yako mwenyewe.

Tuanze na basi, kwa sababu ndilo linaloumiza haraka. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo, wilaya ya Jefferson inayohudumia Louisville, yenye wanafunzi zaidi ya 90,000, ilizindua njia mpya za mabasi. Madereva walikuwa wachache, saa za kuanza masomo zikabadilishwa, na njia zikapangwa upya kwa msaada wa kampuni ya programu za kompyuta. Mtoto wa mwisho alifika kwao saa nne usiku ikikaribia. Shule zikafungwa kwa zaidi ya wiki. Mwaka uliofuata wilaya hiyo iliondoa usafiri kwa wanafunzi wengi wa shule maalumu za kuchagua, na familia zilizokuwa zimechagua shule ya mbali kwa kutegemea basi zikabaki na shule bila basi.

Basi la mwaka jana, basi, si la mwaka huu. Hakikisha namba, kituo na saa, na kama umehama kiangazi, peleka anwani mpya kabla ya siku ya kwanza. Mtoto mdogo awe na karatasi mkobani yenye jina lake, kituo chake na simu yako. Wilaya nyingi hazimteremshi mtoto wa chekechea bila mtu mzima kituoni. Humrudisha shuleni, na wewe uko kazini.

Kwenye suala hili la kuhama na usafiri kuna sheria ambayo wazazi wetu wachache wanaijua. Familia iliyopoteza nyumba, au iliyoshindwa kodi na sasa imebanana sebuleni kwa ndugu, inahesabiwa chini ya sheria ya McKinney-Vento ya 1987. Mtoto wa familia hiyo ana haki ya kuandikishwa mara moja hata kama karatasi hazijakamilika. Ana haki pia ya kuendelea na shule yake ya zamani na kupewa usafiri wa kwenda huko, mradi kufanya hivyo kuna manufaa kwake. Kila wilaya lazima iwe na afisa wa kushughulikia watoto hawa. Wengi wetu huona aibu kusema tunalala kwa ndugu. Aibu hiyo inamgharimu mtoto shule.

Sasa fomu ambayo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko zote: ile inayouliza lugha ya nyumbani. Hujazwa mara moja tu, mtoto anapoandikishwa kwa mara ya kwanza, na ina maswali machache. Mtoto alianza kusema lugha gani? Nyumbani mnazungumza nini? Wazazi wengi huandika Kiingereza. Wanaogopa mtoto atatengwa, atarudishwa darasa, ataonekana mjinga. Matokeo yake huwa kinyume. Aliyeandikiwa Kiingereza hapimwi wala hapati mwalimu wa lugha. Anaketi nyuma ya darasa akisikia sauti tu, na baada ya miezi michache kimya chake kinaanza kusomwa kama udhaifu wa akili.

Ukiandika ukweli, mtoto hupewa mtihani mfupi wa lugha. Majimbo mengi hutumia ule wa WIDA. Akionekana anahitaji msaada, shule inatakiwa kukuandikia ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, ikueleze kiwango chake na mpango aliowekwa. Unaweza kuukataa mpango huo. Hata ukiukataa, shule bado ina wajibu wa kumsaidia aelewe masomo, na ataendelea kupimwa kila mwaka mpaka afikie kiwango. Msingi wa wajibu huo ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1974, kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyohusu wanafunzi wa asili ya China mjini San Francisco. Mahakama ilisema kumpa mtoto vitabu vilevile na mwalimu yuleyule katika lugha asiyoijua si usawa. Kama mwaka juzi uliandika Kiingereza kwa hofu, omba mtoto apimwe sasa.

Kwa familia za Fizi na Uvira zinazosema Kibembe, Kifuliru au Kinyamulenge nyumbani, andikeni hivyohivyo. Mara nyingi kuna swali la pili, la lugha unayotaka shule ikuandikie au ikupigie. Hapo weka ile unayoielewa vizuri zaidi. Na kama kusoma ni shida, sema wazi kwamba unataka kupigiwa simu.

Suala la mkalimani limezua uvumi mwingi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwongozo wa serikali kuu wa Januari 2015, uliozieleza shule wajibu wao kwa watoto na wazazi wasiojua Kiingereza, ulifutwa mwaka 2025, na watu wakahitimisha kwamba wakalimani wamekwisha. Kilichofutwa ni mwongozo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa asili ya taifa, bado ipo, na hukumu ya Lau bado ipo. Omba mkalimani, bila malipo, katika kila kikao kinachomhusu mwanao. Usikubali mtoto atafsiri. Mtoto anayetafsiri habari za utoro wake mwenyewe hawezi kuwa mkalimani mwaminifu, hata awe na adabu namna gani.

Programu za simu kama ParentSquare au TalkingPoints huweza kukuletea ujumbe kwa Kiswahili, na ni vizuri kuweka lugha hiyo. Ila ni tafsiri ya mashine, na mara nyingine hutoa sentensi ambazo hata babu yangu angezicheka. Ukiona tarehe, kiasi cha fedha au ombi la saini, thibitisha na mtu.

Chakula kina mtego wake wa kalenda. Tangu ruhusa ya chakula cha bure kwa wote ya wakati wa UVIKO-19 ilipokwisha mwaka 2022, hali hutofautiana. California na Maine zimeendelea kulisha watoto wote, na majimbo mengine kadhaa yamefuata. Kwingineko kuna shule zinazolisha wote kwa sababu ziko katika eneo la kipato cha chini, huku shule ya jirani hailishi. Shule isiyolisha wote hutumia fomu ya kipato. Familia iliyo chini ya asilimia 130 ya kiwango cha umaskini haitozwi kitu, na iliyo kati ya hapo na asilimia 185 hulipa si zaidi ya senti 40 kwa chakula cha mchana. Anayepata msaada wa chakula wa SNAP kwa kawaida huunganishwa moja kwa moja.

Mtego ni huu. Hadhi ya mwaka jana huendelea kwa hadi siku 30 za kwanza za masomo. Mtoto anakula Agosti na Septemba bila tatizo, mama anaona mambo yako sawa, kisha Oktoba deni linaanza kujilimbikiza kimyakimya. Fomu lazima ijazwe upya kila mwaka. Moja inatosha kwa watoto wote wa nyumba, na haiulizi hati ya uhamiaji. Tukiwa hapo: tangu hukumu ya Plyler dhidi ya Doe ya 1982, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji.

Chanjo sitazirefusha. Waliokuja kama wakimbizi, kumbukumbu zenu zimo ndani ya ule mfuko wa shirika la uhamiaji, IOM, mliopanda nao ndege. Mpelekee muuguzi wa shule nakala. Mtoto anayeingia darasa la saba karibu kila mahali atadaiwa nyongeza ya chanjo ya pepopunda na kifaduro. Kuhusu simu za mkononi, majimbo mengi sasa yana sheria. Florida ilianza 2023, na tangu 2025 Texas na New York zimezizuia siku nzima ya masomo. Mtoto akikuambia mwalimu amemnyang'anya simu kwa chuki, soma sheria ya jimbo kwanza.

Wenye vijana wa sekondari, hapa nafasi ya kwanza au ya kumi darasani haimpi mtu cheti. Kuanzia darasa la tisa kijana hukusanya krediti, somo kwa somo. Aliyefeli hesabu anaweza kuonekana amepanda darasa huku deni la hesabu likimsubiri mwaka wa mwisho. Omba orodha ya krediti zake Septemba, usingoje Mei. Kwa vijana waliofika wakiwa na miaka 17 au 18, wengi wakiwa na ile tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari waliyopewa kambini, majimbo mengi huruhusu kusoma hadi miaka 20 au 21. Kijana wako akiambiwa aende shule ya watu wazima, asisaini siku hiyo.

Na mahudhurio: kukosa asilimia 10 ya siku, yaani siku 18 katika mwaka wa siku 180, tayari ni utoro wa kudumu kwenye vitabu vyao, hata kama siku zote zilikuwa na ruhusa. Safari ya wiki tano Bujumbura kwa harusi izungumzwe na shule mapema, kwa maandishi.

Mzazi mwenzangu, piga simu ofisi ya shule wiki hii. Taja jina la mtoto, taja neno Swahili, kisha subiri mkalimani aunganishwe. Ukiambiwa hakuna, muulize anayesema jina lake na umwombe aliandike jibu hilo.