Mbegu chotara ya mahindi: Mkulima wa Maswa ahesabu siku kabla ya magunia

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe usemi huo una ukweli, lakini kwa mbegu unaweza kumlaza mtu na njaa. Mkulima wa wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, anayeingia duka la pembejeo mwezi Oktoba hukuta pakiti za kila rangi, kila moja ikiwa na picha ya hindi nene na ahadi ya magunia mengi. Fedha aliyonayo mfukoni ni ya pamba au ya ng'ombe aliyeuzwa mnadani. Akikosea kuchagua, fedha hiyo haitarudi mpaka msimu mwingine, na familia itanunua mahindi Februari, wakati bei imepanda.

Swali la kwanza ambalo wakulima wengi humwuliza mwenye duka ni, "Hii inatoa gunia ngapi kwa ekari?" Kwa mazingira ya Maswa, swali linalofaa kutangulia ni, "Hii inakomaa kwa siku ngapi?"

Chotara ni nini

Mbegu chotara hupatikana kwa kuvusha wazazi waliochaguliwa kwa makusudi, kila mmoja akiwa na sifa zake. Mtoto wao wa kwanza huwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Katika Afrika Mashariki, kazi hiyo ilipata umaarufu mwaka 1964, pale kituo cha Kitale nchini Kenya kilipotoa chotara H611, iliyotokana na mahindi ya Kitale kuvushwa na mahindi kutoka Ecuador.

Nguvu hiyo ni ya kizazi kimoja. Mkulima akihifadhi punje za chotara na kuzipanda msimu unaofuata, shamba hutoka na mimea isiyolingana, mingine mirefu, mingine mifupi, na mavuno hushuka. Kwa hiyo anayeamua kulima chotara ajue kwamba atarudi dukani kila msimu.

Aina ya pili ni mbegu za uchavushaji huria, ambazo wauzaji wengi huziita kompoziti. Hizo hazifikii kilele cha chotara, lakini mkulima anaweza kuchagua masuke mazuri katikati ya shamba na kuzirudia kwa misimu kama mitatu kabla ya kununua upya. Kanda ya Ziwa si ngeni kwa mbegu hizo: kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, ndicho kilichozalisha kompoziti iliyojulikana kwa herufi UCA, iliyosambazwa kwa wakulima katika miaka ya 1970. Baadaye zilikuja Staha na Kilima mwaka 1983, TMV-1 mwaka 1987, na Situka, iliyolengwa kwa maeneo yenye ukame.

Kalenda ya mvua ndiyo mwamuzi

Mkoa wa Simiyu hupata mvua ya milimita 600 hadi 900 kwa mwaka. Kiasi hicho kinatosha mahindi, kama kingenyesha kwa mpangilio. Tatizo ni kwamba mvua huanza Oktoba au Novemba, hupungua Januari na Februari, kisha hurudi Machi na Aprili. Katikati kuna pengo.

Mahindi huvumilia kiu yakiwa machanga, na huvumilia pia yakishakauka punje. Wakati mbaya ni wiki mbili hivi zinazozunguka kutoka kwa mbelewele na nywele za hindi. Ukame wa siku chache wakati huo huacha masuke yenye mapengo, na hakuna mbolea itakayorekebisha.

Mkulima achukue kalenda na kuhesabu. Mbegu ya muda mfupi iliyopandwa Novemba 15 na kutoa nywele baada ya siku 55 itafika hatua hiyo takriban Januari 9, kabla udongo haujakauka kabisa. Mbegu ya muda wa kati inayohitaji siku 70 itatoa nywele takriban Januari 24, ndani ya pengo lenyewe. Mbegu ya muda mrefu, kama zile zilizotengenezwa kwa nyanda za juu, hutoa nywele Februari na kutegemea mvua ya Machi ije kwa wakati ili punje zijae. Shamba hilo hukaa na mahindi hadi karibu na mavuno ya pamba.

Ndiyo maana chotara kama H614, inayosifiwa Kitale na maeneo mengine ya baridi, haimfai mkulima wa Maswa hata akipewa bure. Kosa si la mbegu. Imeundwa kwa ajili ya miinuko yenye mvua ndefu.

Baadhi ya kampuni hurahisisha uchaguzi kwa alama. Seed Co, kwa mfano, hutumia wanyama: tumbili kwa mbegu za muda mfupi, pundamilia na simba kwa za kati, na tembo kwa za muda mrefu. Mkulima wa Maswa anayetaka chotara aanze kutazama upande wa tumbili. Zipo pia chotara zilizotokana na mradi wa mahindi yanayovumilia ukame uliojulikana kama WEMA, ulioanza mwaka 2008 na kuihusisha Tanzania pamoja na Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Kuvumilia ukame hakuna maana ya kuishi bila mvua. Maana yake ni kwamba mvua ikipungua, mbegu hiyo hupoteza kidogo kuliko nyingine.

Shamba moja, udongo tofauti

Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo ambayo yanafaa kuliko maelezo ya pakiti. Luseni, ule mchanga wa juu ya mteremko, hupoteza maji haraka na una rutuba ndogo. Hapo chotara isiyo na mbolea itanyauka kama mbegu ya kienyeji. Mbuga, udongo mweusi wa bondeni, hushika maji, lakini hutuama mvua ikizidi, na mahindi hugeuka njano. Penye mbuga, matuta ni ya lazima. Penye ibushi, udongo wenye rutuba ya wastani, ndipo chotara hupata nafasi nzuri ya kulipa gharama yake.

Jambo jingine ni kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Shamba lililojaa kiduha lisipandwe mbegu ya bei kubwa. Lipandwe pamba kwanza, kwa kuwa mizizi ya pamba huziamsha mbegu za kiduha zikaota na kufa bila kupata pa kujishikiza. Katika hili mkulima wa Maswa ana bahati, maana pamba analima tayari. Kinachotakiwa ni kubadilishana mashamba kwa mpango.

Hesabu ya mfuko

Wengi husema chotara ni ghali. Tufanye hesabu kwa bei za mfano, na kila mkulima aweke bei za dukani kwake.

Ekari moja huhitaji kilo 8 hadi 10 za mbegu. Tuseme pakiti ya kilo 2 ya chotara ni shilingi 14,000. Pakiti tano ni shilingi 70,000. Kompoziti ikiwa shilingi 6,000 kwa pakiti, ekari itagharimu 30,000. Tofauti ni shilingi 40,000. Kama gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000 wakati wa mavuno, tofauti hiyo hailingani hata na gunia moja.

Kwa hiyo mbegu yenyewe si mzigo mkubwa. Mzigo ni mbolea inayofuatana nayo. Mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mmoja wa urea wa kukuzia, kwa mfano wa shilingi 70,000 kila mmoja, ni shilingi 140,000. Sasa tofauti kati ya njia mbili inafika shilingi 180,000, sawa na magunia matatu na nusu na ushei. Mkulima anayeuza siku ya mavuno lazima apate nyongeza ya magunia manne ndipo aone faida. Anayeweza kuhifadhi hadi gunia lifike shilingi 80,000 anahitaji nyongeza ya magunia mawili na robo tu.

Upande wa hasara nao upimwe. Mvua ikikata kabisa, mwenye kompoziti bila mbolea amepoteza shilingi 30,000 na jasho lake. Mwenye chotara na mbolea zote amepoteza 210,000. Kama fedha hiyo ilikopwa, deni linabaki pale pale.

Ipo njia ya katikati, nayo inaifaa Maswa kwa kuwa ng'ombe wapo. Samadi iliyooza vizuri huchukua sehemu kubwa ya kazi ya mbolea ya kupandia na huufanya udongo ushike maji. Mkulima akipanda chotara ya muda mfupi juu ya samadi, kisha akanunua mfuko mmoja tu wa urea, gharama yake ni shilingi 140,000, na anahitaji nyongeza ya magunia mawili na kitu kulinganisha na kompoziti. Urea iwekwe baada ya palizi ya kwanza, udongo ukiwa na unyevu. Mvua isipokuwepo, mfuko ubaki ndani bila kufunguliwa, na fedha haijapotea.

Kipimo kilicho karibu ni kizibo cha soda. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari huwa na mashimo karibu 9,000. Mfuko wa kilo 50 hugawanyika kwa gramu tano na nusu kwa kila shimo, ambayo ni takriban kizibo kimoja. Mbolea isigusane na mbegu.

Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa na utaratibu wa ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa. Ambaye hajajiandikisha aonane na ofisa ugani au ofisi ya kijiji kabla ya msimu, kwa sababu punguzo la mbolea hubadilisha hesabu yote hapo juu.

Pakiti ya kweli na pakiti ya uongo

Mbegu sahihi iliyoghushiwa ni hasara kamili. Chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, mbegu zinazouzwa hupaswa kuthibitishwa na Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, TOSCI, na muuzaji hupaswa kusajiliwa. Mnunuzi atazame lebo ya TOSCI, jina la aina, namba ya fungu na tarehe ya kupimwa. Pakiti iwe imefungwa kiwandani. Rangi nyekundu au ya kijani kwenye punje haithibitishi chochote, kwa kuwa hata mahindi ya ghalani hupakwa rangi.

Baada ya kununua, mkulima ahesabu punje 100, azifunge katika kitambaa chenye unyevu na kusubiri siku saba. Zikiota 90 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa karibu 80, aongeze mbegu shimoni. Zikishuka chini ya 70, airudishe dukani pamoja na risiti. Asiye na risiti hana kesi. Punje zilizobaki zisiliwe wala kupewa kuku, maana zina dawa.

Kwa mfanyabiashara wa pembejeo, somo ni hilo hilo kwa upande wa pili. Pakiti zilizokaa chini ya bati la moto tangu msimu uliopita hupoteza uotaji, na mteja mmoja aliyepata shamba lenye mapengo huondoka na kijiji kizima. Kufungua pakiti na kupima kwa kibaba huiondolea mbegu ushahidi wake, na kumwondolea mwenye duka utetezi wake. Duka linalojaza mbegu za muda mfupi mapema Oktoba, na kuagiza chache za muda wa kati, halitabaki na mzigo mwezi Februari.

Usiweke mayai yote kapu moja

Mwenye ekari tatu za chakula hana sababu ya kuzipanda zote aina moja. Ekari moja ya chotara ya muda mfupi penye udongo bora na samadi, moja ya kompoziti, na moja ya mtama wa muda mfupi kama Macia, humpa nafasi ya kula hata msimu ukiharibika. Nguvu kazi nayo ihesabiwe: chotara inayosubiri palizi huku familia nzima iko kwenye pamba haina tofauti na mbegu ya kienyeji. Tangu kiwavijeshi vamizi athibitishwe nchini mwaka 2017, ukaguzi wa shamba kila wiki umekuwa sehemu ya gharama.

Baada ya mavuno, chotara nyingi zenye punje laini hushambuliwa haraka na dumuzi. Anayepanga kusubiri bei ya Januari atenge fedha ya dawa ya ghalani au mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo faida aliyoipigia hesabu italiwa na wadudu.

Daftari la shilingi mia chache lina nafasi yake hapa. Mkulima aandike jina la mbegu, tarehe ya kupanda, tarehe nywele zilipotoka, siku mvua ilipokata, na magunia aliyopata. Baada ya misimu mitatu atakuwa na majibu ya shamba lake mwenyewe, ambayo hakuna pakiti iliyoyaandika.