Msemeshe, Umngoje, Umjibu

Mzazi wa mji wa Wote au wa Mwingi anayeacha Kikamba anachokimudu na kumsemesha mtoto wake Kiingereza cha kubahatisha hufanya hivyo kwa mapenzi: anataka mtoto aingie shule akiwa mbele. Ushahidi wa sayansi, hata hivyo, unaelekea kwingine. Katika miaka ya kwanza kinachomjenga mtoto ni kujibizana na mtu mzima, na mtu mzima hujibizana vyema kwa lugha inayomtoka bila kuitafuta.

Mtoto mchanga hutambua tofauti za sauti za lugha nyingi za dunia, lakini kabla ya mwaka kutimia sikio lake huwa limeegemea zile anazozisikia kila siku. Kwa mtoto wa Ukambani hiyo ni kazi pevu, maana Kikamba kina irabu saba, mbili zaidi ya Kiswahili. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walijifunza sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyecheza nao ana kwa ana. Waliosikilizishwa maneno yaleyale kwenye televisheni au kanda hawakujifunza. Katuni za simu, basi, haziwezi kushika nafasi ya nyanya. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake waligundua kwamba shughuli za ubongo katika eneo la lugha ziliendana na mara ambazo mtoto na mzazi walipokezana maneno, si wingi wa maneno, wala kipato cha nyumba. Nalipenda tokeo hilo kwa sababu linamwondolea mzazi maskini lawama aliyobebeshwa tangu 1995, pale utafiti wa familia 42 tu za Kansas, uliodai kwamba watoto wa maskini husikia maneno machache, ulipoifanya dunia ihesabu maneno.

Wapo watakaouliza: mama anayechota maji kwenye mchanga wa mto Tiva, mtoto mgongoni, atapata wapi wakati? Hahitaji wakati wa pembeni. Mtoto akitoa sauti, mama humjibu huku akichota. Nchini Senegal, wazazi wa vijiji vya Kiwolofu walipoelekezwa na shirika la Tostan kuzungumza zaidi na watoto wao, watoto walionekana kuwa na msamiati mpana zaidi mwaka mmoja baadaye.

Hoja ya Kiingereza ni nzito zaidi. Mpango wa PRIMR ulipofundisha kusoma kwa Kikamba huko Machakos, na kwa Kibukusu huko Bungoma, watoto walisoma lugha ya nyumbani vizuri zaidi, ila hawakupata ziada katika Kiingereza. Nalikubali hilo. Lakini hao walikuwa wanafunzi mbele ya kitabu. Mtoto wa miezi tisa anahitaji kwanza mtu wa kuzungumza naye, na Kiingereza kitamkuta tayari anajua mazungumzo ni nini.

Mzazi aelekezwe wapi, basi? Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa kaunti elimu ya chekechea, lakini mtoto hufika huko akiwa na miaka kama minne. Kliniki humpokea mapema zaidi: akiwa na miezi tisa huletwa kuchanjwa surua. Kaunti za Kitui na Makueni zingeanzia hapo, muuguzi akishamaliza kupima uzito amwonyeshe mama, kwa Kikamba, namna ya kumngoja mtoto amalize sauti yake kabla ya kumjibu.