Wodini au Ofisi ya Ustawi wa Jamii: Kabla Hujajaza Fomu ya Chuo

Chukua mfano huu. Saa nane usiku binti wa miaka 16 anafikishwa wodi ya wazazi akiwa na uchungu. Muuguzi mkunga wa zamu anampokea, anapima shinikizo la damu, anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, anafungua partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu. Kuanzia hapo kazi inafuata saa ya ukutani: mapigo ya mtoto kila nusu saa, mlango wa kizazi kila baada ya saa nne. Asubuhi mtoto anazaliwa salama, lakini damu ya mama haikatiki. Nusu lita ikishatoka, vitabu vya ukunga vinaihesabu kuwa hatari, ila mkunga mzoefu hangoji ifike huko. Anasugua tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, anachoma sindano ya oksitosini, anatundika dripu, anamwita daktari, anaendelea kusugua. Damu inakatika. Zamu inapokwisha anakabidhi kwa mwenzake: mama yu hai, mtoto ananyonya.

Siku hiyo hiyo jina la binti huyo linafika mezani kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Damu imekwisha, maswali ndiyo yanaanza. Nani amempa mimba? Hajaolewa na hajatimiza miaka 18, kwa hiyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 mwanamume huyo ametenda kosa la kubaka, hata binti akisema alikubali mwenyewe. Je, mwanamume huyo anaishi nyumba moja na binti? Binti akiruhusiwa kutoka hospitali, anarudi wapi? Tangu mwaka 2021 waraka wa serikali unaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, lakini waraka peke yake haumfikishi mtoto darasani. Lazima pawepo mtu wa kuongea na mwalimu mkuu, wa kumshawishi baba mwenye hasira, wa kutafuta nani atabaki na kichanga. Afisa anampigia simu mtendaji wa kata, anawasiliana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, anakaa na bibi wa binti, anaandika ripoti. Wiki kadhaa baadaye mtuhumiwa amehamia mkoa mwingine na wazee wa ukoo wanataka jambo limalizwe nyumbani. Faili bado liko wazi.

Nimesimulia mfano huu kwa urefu kwa sababu vijana wanaoniuliza wachague uuguzi au ustawi wa jamii karibu wote huanza na sentensi moja: "Napenda kusaidia watu." Sentensi hiyo ni njema, ila haimsaidii mtu kuchagua. Huruma inahitajika kote kuwili, kwa kiwango kile kile. Kinachotofautisha kazi hizi ni jinsi zinavyokula muda. Muuguzi anachoshwa na haraka. Afisa ustawi anachoshwa na kusubiri. Anayejua ni uchovu wa aina ipi kati ya hizi mbili anaweza kuamka nao kila siku kwa miaka 30 amekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu lake.

Kihistoria fani hizi ni ndugu wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London, iliyokuwa ikitibu maskini bila malipo, ilimwajiri Mary Stewart azungumze na wagonjwa na kubaini nani kweli hana uwezo na nani anao ila anajichanganya na maskini. Mwaka 1905 hospitali ya Massachusetts General ya Boston ilipoanzisha kazi ya ustawi wa jamii, mtu wa kwanza kuifanya, Garnet Pelton, alikuwa muuguzi, na aliyempokea kijiti, Ida Cannon, naye alikuwa amesomea uuguzi. Ilianzishwa kwa sababu madaktari walikuwa wamechoka kumtibu mtoto yule yule kifua kile kile kila miezi miwili na kumrudisha katika chumba kile kile chenye unyevu.

Hayo hayakubaki Ulaya na Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilipoanza kuwachangisha wagonjwa gharama za matibabu katika hospitali za umma, swali la Mary Stewart likaja kukaa hapa kwetu: nani asamehewe? Leo ukipita hospitali ya rufaa ya mkoa utakuta foleni mbele ya mlango wa ustawi wa jamii, watu wameshika barua za serikali ya mtaa. Ndani yupo afisa anayepaswa kuamua, kwa mazungumzo mafupi, kama mzee huyu hana kitu au ana watoto mjini wanaokwepa simu. Akikosea upande mmoja, hospitali inapoteza fedha za dawa. Akikosea upande wa pili, mtu anaondoka bila kutibiwa.

Kuna mtu mmoja aliyezifanya kazi zote mbili, na maisha yake yanafundisha. Cicely Saunders, Mwingereza, aliacha masomo ya Oxford wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaenda kusomea uuguzi. Mgongo ukamkatalia kazi ya wodini, akasomea ustawi wa jamii wa hospitali na kufuzu mwaka 1947. Katika kazi hiyo ya pili alimhudumia David Tasma, mkimbizi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani mjini London, mbali na kwao. Mazungumzo yao yalimwonyesha kwamba maumivu ya mtu anayekufa hayako mwilini tu. Yako pia katika upweke, deni, hofu na imani. Baadaye akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi ya St Christopher's. Tiba shufaa, yaani matunzo ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, tunayoiona Afrika Mashariki, ikiwamo Hospice Africa iliyoanzishwa Uganda mwaka 1993, imetoka katika fikra hizo. Ndiyo maana kijana anayesema moyo wake uko kote kuwili huwa namwambia akatazame tiba shufaa, au afya ya akili. Huko muuguzi na afisa ustawi hukaa meza moja wakijadili mgonjwa mmoja.

Sasa tuje kwenye masharti. Uuguzi una mlango mwembamba na unaojulikana. Kwa stashahada ya miaka mitatu unahitaji ufaulu wa kidato cha nne wenye Kemia, Baiolojia na Fizikia. Shahada huchukua miaka minne, ikifuatiwa na mwaka wa utarajali hospitalini. Ukihitimu bado hujawa muuguzi mpaka Baraza la Uuguzi na Ukunga likusajili na kukupa leseni, na leseni hiyo huhuishwa. Ni mzigo, lakini pia ni ngao, kwa kuwa inasema wazi nini unaruhusiwa kufanya na nani wa kukuhoji ukikosea.

Mwili nao una gharama yake. Utageuza wagonjwa wazito, utasimama saa nyingi, utalala mchana wakati watoto wako wako macho. Siku moja sindano iliyotumika inaweza kukuchoma kidole, na hapo utajua kwa nini walimu wanasisitiza kwamba dawa za kuzuia VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Wakati huohuo uuguzi una zawadi ambayo kazi chache zinayo: matokeo huyaona kwa macho. Homa inashuka. Kidonda kinafunga. Mtu aliyeingia kwa kitanda cha magurudumu anatoka anatembea.

Ustawi wa jamii hauonyeshi matokeo yake namna hiyo, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni kazi isiyofahamika vizuri hata na wanaoiomba. Kwanza, watu huichanganya na maendeleo ya jamii. Afisa maendeleo ya jamii anashughulika na vikundi, mikopo ya halmashauri, uhamasishaji. Afisa ustawi anashughulika na mtu au familia iliyofikwa na matatizo: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, mama anayedai matunzo ya watoto, kijana aliyekinzana na sheria. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuwafundisha maafisa hao, ingawa vyuo vingine vipo. Aliyesoma masomo ya sanaa anapokelewa.

Pili, ni kazi yenye mamlaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa afisa ustawi nafasi katika maamuzi mazito mno: mtoto aondolewe nyumbani au abaki, akae kwa nani, familia inayotaka kumlea inafaa au haifai. Ripoti yake ya uchunguzi wa kijamii husomwa na hakimu, na sentensi moja iliyoandikwa ovyo inaweza kubadilisha maisha ya mtoto. Anayedhani amekimbia hesabu na kemia ili apate kazi ya maneno matupu atashtuka. Ustawi unataka mtu anayeandika kwa uangalifu, anayejua sheria, anayetofautisha alichokiona na alichoambiwa na jirani.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi kwa wanaoanza, mgonjwa humtafuta muuguzi, lakini familia nyingi hazikumwita afisa ustawi. Simu imepigwa na mwalimu, au na mtu asiyetaka kutajwa kupitia namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto. Ukibisha hodi, baba anakutazama kama mtu aliyekuja kumpokonya watoto. Lazima uketi, usalimie ipasavyo, upokee maji ukipewa, uulize maswali yasiyoulizika, na uondoke ukiwa umemlinda mtoto bila kuivunja nyumba kama inaweza kunusurika. Kuna siku utaamua ukiwa na nusu ya ukweli, kwa sababu ukingoja nusu ya pili mtoto ataumia.

Kuhusu ajira sitapaka rangi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi milioni 27.9 duniani na upungufu wa milioni 5.9. Leseni ya uuguzi ndiyo inayosafiri vizuri zaidi: Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ili wahudumu wake wa afya wakafanye kazi huko, na hospitali za nchi za Ghuba zimeajiri wauguzi wa kigeni kwa miaka mingi. Upungufu huo hauna maana kwamba kila mhitimu anaajiriwa. Hapa nchini wapo wauguzi wenye vyeti wanaongoja tangazo la ajira. Ustawi wa jamii unasafiri kwa shida zaidi, kwani sheria za familia, lugha na mila za mahali ndizo zana zake. Nafasi nyingi nje ya serikali ziko katika miradi ya wafadhili, na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliokuwa na mikataba ya miradi waliumia kwanza, wauguzi wakiwamo.

Mwenye Kemia na Baiolojia nzuri asilazimishwe wodini na wazazi kwa hofu ya "kupoteza" masomo ya sayansi. Na aliyeanguka Kemia asiingie ustawi kama anayekimbilia tu mlango wa jirani, atawaumiza watu. Wavulana, ambao bado wanaambiwa uuguzi ni kazi ya kike, wasisikilize. Wodi zinawahitaji, na wengi wako huko wakifanya kazi nzuri.

Kama bado unasitasita na sayansi unazo, kumbuka kwamba njia moja kati ya hizi hurudika kirahisi kuliko nyingine. Muuguzi wa miaka 30 anaweza kwenda kusomea ustawi wa jamii. Afisa ustawi asiye na Kemia wala Fizikia atalazimika kurudia mitihani ya kidato cha nne kwanza. Kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, omba ruhusa ukazungumze na muuguzi anayetoka zamu ya usiku, umuulize alipumzika saa ngapi. Kisha nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri yako, umuulize afisa kuhusu faili lililokaa muda mrefu kuliko yote mezani kwake na kwa nini halijafungwa. Sikiliza ni jibu gani linakufanya utake kuuliza swali la pili. Chuo ukishakipata, hakikisha kwanza kimo katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na mamlaka za NACTVET au TCU, ndipo ulipe ada.