Moli: Kuhesabu kwa Mizani

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia, moli imo katika safu ya mbele. Tatizo si hesabu yake, kwani ni kuzidisha na kugawanya tu. Tatizo ni kwamba wengi hudhani kuwa moli ni uzito. Moli ni idadi.

Mwenye duka la misumari hahesabu msumari mmoja mmoja. Akijua kwamba msumari wa kipimo fulani una gramu 4, hupima kilo 2 na kumkabidhi seremala misumari 500 bila wasiwasi. Mwanakemia naye hufanya vivyo hivyo, ila atomi ni ndogo mno hata fungu lake la kuhesabia halina budi kuwa kubwa ajabu: 6,02214076 × 10²³. Idadi hiyo huitwa kwa jina la Amedeo Avogadro wa Torino, ingawa yeye mwenyewe, aliyetoa nadharia yake mwaka 1811, hakuijua kamwe. Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyependekeza jina hilo mwaka 1909. Kuanzia mwaka 1971 moli ilifasiliwa kwa gramu 12 za kaboni-12, na pengine hapo ndipo mazoea ya kuichanganya na uzito yalipopata nguvu. Tangu tarehe 20 Mei 2019, idadi yenyewe ndiyo fasili.

Ama tungamo la moli, hilo ni gramu zilizomo katika moli moja ya kitu fulani. Moli ya atomi za hidrojeni ina gramu 1, ya kaboni 12, ya oksijeni 16, ya shaba 63,55. Idadi ni ileile. Mizani ndiyo inayotofautiana, kama dazeni ya mayai na dazeni ya mananasi.

Katika eneo la Katanga, lililoitwa mkoa wa Shaba tangu 1971 hadi 1997, hakuna mfano ulio karibu kuliko malakiti, lile jiwe la kijani. Fomula yake ni Cu₂CO₃(OH)₂. Mwanafunzi akiulizwa kilo moja ya malakiti safi ina shaba kiasi gani, mara nyingi huhesabu atomi: mbili za shaba kati ya kumi, yaani sehemu moja ya tano, basi gramu 200. Jibu hilo lapunguza shaba kwa karibu theluthi mbili! Kosa lake ni kuchukulia kwamba atomi zote zina tungamo moja.

Njia sahihi ni kujumlisha: shaba 127,1, kaboni 12, oksijeni 80, hidrojeni 2, jumla gramu 221,1 kwa moli. Kilo moja ni moli 4,52 za malakiti, na kila moli ina moli mbili za shaba. Hizo ni moli 9,05, sawa na gramu 575. Mawe yatokayo mgodini huchanganyika na udongo na mwamba, kwa hiyo 57,5 kwa mia ni kikomo cha juu. Kwa mchimbaji anayelipwa kwa kilo na kwa kiwango cha madini, hesabu hii si jambo la darasani tu. Kipimo kikionyesha shaba 70 kwa mia, ama kimekosewa, ama jiwe lina madini mengine yenye shaba nyingi zaidi.

Mafundi wa kale wa Katanga waliyeyusha malakiti kwa makaa ya miti, wakijua kwa mkono na jicho kiasi kinachofaa. Kwa karatasi, moli moja ya malakiti yahitaji moli moja ya kaboni ili kuiondolea shaba oksijeni yake. Yaani gramu 54 za kaboni kwa kilo ya jiwe, kiasi cha konzi moja ya makaa. Tanuri ilikula makaa mengi kuliko hayo, kwa sababu sehemu kubwa iliungua ili kutoa joto, na sehemu nyingine ilitoka katika moshi kabla haijakutana na shaba.