Ayala Wanapovuka Barabara

Haya, wapenzi wangu, sogeeni. Leo nitawasimulia habari za ayala wanaoishi ndani ya jiji la London, huko Uingereza. Hawafugwi kwenye vizimba. Wanatembea watakavyo katika bustani ya umma iitwayo Richmond Park, yenye zaidi ya ekari 2,000 za nyasi, miti na vidimbwi. Mwaka 1637 mfalme Charles wa Kwanza aliizungushia ukuta ili apate mahali pa kuwindia. Mfalme alikwenda zake, ayala wakabaki. Leo ni kama 630.

Ayala ukimwona kwa mbali utadhani ni swala. Lakini mtazame kichwani: pembe za dume zina matawi, na kila mwaka hudondoka zikaota nyingine. Swala wetu pembe zake ni za maisha.

Sasa, ndani ya ukuta ule zimepita barabara za lami, na madereva wengi huzitumia kukatisha njia. Mwendo unaoruhusiwa ni maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Wapo wanaouona ni mwendo wa kobe, wakakanyaga mafuta. Hebu tupige hesabu. Kwa mwendo huo wa maili 20, tangu dereva aone mnyama mpaka gari lisimame, gari hula mita 12. Ukiongeza mwendo mara mbili, litakula mita 36! Basi ayala akijitokeza mita 20 mbele, dereva wa kwanza atasimama akamtazama akipita. Wa pili atamgonga.

Mtaniuliza, mbona hakimbii? Ayala hupenda kula alfajiri na magharibi, na macho yake yameumbwa kuona kwenye mwanga hafifu. Taa kali zikimmulika, haoni kitu, anaduwaa. Tangu zama za mababu zake adui alikuwa mbwa mwitu, na kujibanza kimya au kutimua mbio ghafla ndiko kulikowaokoa. Gari halijali hayo. Ikifika Septemba na Oktoba mambo huzidi: madume hupigania majike na kufukuzana bila kuangalia wanakokwenda, na giza nalo linaanza kuingia mapema, watu wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Linaloniuma zaidi ni la ndama. Huzaliwa kati ya Mei na Julai. Mama humlaza katikati ya kangaga ndefu, akaenda kula, kisha akarudi kumnyonyesha. Ndama hutulia tuli, halii, hata ukipita karibu hutamwona. Mama akigongwa, mtoto hana habari. Ataendelea kulala palepale akimngoja.

Wala kosa si la dereva peke yake. Mbwa aliyeachiwa huru akimkurupusha mama yule, mama ataingia barabarani kwa kasi hata mbele ya dereva mwangalifu. Ndiyo maana wageni huambiwa wasiwasogelee ayala chini ya mita 50, hata kwa kupiga picha, na msimu wa kuzaa mbwa wafungwe kamba.

Tena ayala ni wanyama wa kundi. Akivuka mmoja, dereva anayewajua haondoki hapo hapo. Hapigi honi, anapunguza taa, anamngoja wa pili, wa tatu, na yule mdogo aliyechelewa nyuma, ndipo anatia gia.