AJALI YA MAJINI HUANZIA GATINI



Tukizungumza habari ya usalama majini, wengi wetu hufikiria dhoruba, mawimbi makubwa na giza la usiku. Lakini hebu tuangalie ajali zenyewe.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi watu wakienda kazini, feri ya Mtongwe ilipinduka hapa Mombasa. Ilikuwa mita 40 hivi tu kutoka ukingoni. Watu 272 walikufa. Uwezo wake ulikuwa watu 300, nayo ilikuwa imebeba wapatao 400.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kikikaribia gati ya kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa abiria 101, lakini waliokufa peke yao walikuwa 228.

Tusidhani ni shida ya nchi maskini tu. Tarehe 6 Machi 1987, feri kubwa ya Waingereza, Herald of Free Enterprise, iliondoka bandari ya Zeebrugge nchini Ubelgiji milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sakafu ya magari, ikalala ubavu karibu na bandari. Watu 193 walikufa. Aliyepewa kazi ya kufunga milango alikuwa amelala, na nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha kama imefungwa.

Ajali hizi tatu zilitokea karibu na nchi kavu. Kosa lilikuwa limefanyika tayari kabla ya kamba kufunguliwa gatini.

Kwa nini chombo hupinduka?

Chombo husimama wima kwa sababu uzito mwingi uko chini. Watu wakijaa juu, uzito nao hupanda juu. Halafu ule mtindo wetu wa kukimbilia mlangoni kabla feri haijafunga, ili tuwe wa kwanza kushuka, huvuta uzito wote upande mmoja. Chombo kikianza kuinama, watu na mizigo huteleza upande ule ule, kikainama zaidi. Maji yaliyoingia ndani nayo hukimbilia huko huko. Hapo hata fundi wa kuogelea hana la kufanya, kwa maana ameshikwa na wenzake.

Basi mtu anayesema "ongeza wawili tu" haongezi uzito peke yake. Anapunguza nafasi ya chombo kujiinua.

Sheria zilitoka wapi?

Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, mashua zake za kuokolea zilitosha kama nusu tu ya watu waliokuwemo. Mwaka 1914 mataifa yakaandika mkataba wa usalama wa maisha baharini, unaoitwa SOLAS. Unaotumika leo ni ule wa 1974, pamoja na marekebisho yake mengi. Unasimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO), lenye makao London. Baada ya ile ajali ya Zeebrugge uliongezwa mwongozo wa ISM, ulioanza kuwa lazima mwaka 1998. Huo unasema usalama si kazi ya nahodha peke yake. Kampuni yenye meli nayo lazima iwe na utaratibu ulioandikwa: nani anafanya nini, na nani anahakikisha kwamba limefanyika.

Lakini IMO haina askari wa kuja kusimama gatini. Kila serikali hutekeleza kwake. Tena SOLAS inahusu zaidi meli za safari za kimataifa. Mashua na feri zetu za kuvukia ziko chini ya sheria ya nchi. Hapa Kenya mamlaka inayokagua vyombo na kutoa vyeti inaitwa KMA.

Na wafanyakazi wa bandarini je?

Kijana wako akiwa kibarua wa meli, ajue mambo matatu.

Kwanza, kontena. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena haliruhusiwi kupakiwa katika meli za safari za kimataifa kabla uzito wake kamili kujulikana na kuandikwa. Uzito wa uongo huangusha kontena zilizopangwa, na unaweza kuvunja winchi.

Pili, ngama ya meli. Shehena kama vyuma chakavu, mbao na nafaka zinaweza kumaliza hewa nzuri ndani yake. Huoni kitu, husikii harufu, unaanguka tu. Mara nyingi wa pili hufa kwa kumfuata wa kwanza akitaka kumwokoa. Hakuna kushuka kabla hewa haijapimwa na kifaa, na mwenzako akianguka, piga kelele uite wenye vifaa vya kupumulia.

Tatu, sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa. Tajiri naye haruhusiwi kumrudisha pale mpaka hatari iondolewe. Tunajua kibarua wa siku moja huogopa kusema, kwa sababu kesho hataitwa. Ndiyo maana afadhali waseme wakiwa kikundi.

Sisi wenyewe tulikosa

Hatuandiki haya kama watu wasio na lawama. Siku moja tulikuwa tukivuka kwa mashua kwenda mkutano wa kikundi cha akina mama. Ubavuni paliandikwa watu 20. Sisi tulihesabu 31, na magunia juu yake. Tukauliza majaketi ya kuokolea yako wapi. Kumbe yako ndani ya sanduku, na sanduku lina kufuli, na ufunguo uko nyumbani kwa mwenye mashua! "Mkiwapa watu wanaiba," akasema kijana wa injini. Tulikuwa tumechelewa, tukanyamaza, tukavuka. Tulifika salama, lakini hatukufika kwa akili yetu.

Tangu hapo tumekubaliana ofisini: chombo kikijaa, hatupandi. Mkutano utangoja.

Tufanye nini?

1. Idadi ya abiria iandikwe kwa rangi mahali pa kuonekana, na mtu ahesabu wanaopanda. Asiwe yule yule anayepokea nauli.

2. Majaketi yawe wazi, karibu na mkono. Watoto wapewe yao kabla ya safari kuanza.

3. Tupange foleni. Tukae mpaka chombo kifungwe kabisa gatini.

4. Kamati za ufuo, yaani BMU, ziombe KMA ukaguzi, na cheti kibandikwe watu wakione.

5. Bei ya kungoja izungumzwe. Mwenye mashua hujaza kwa sababu mafuta ni ghali, na abiria hujaza kwa sababu wanachelewa. Kama kikundi kinaweza kupanga saa mbili za kuvuka badala ya moja, msongamano utapungua.

Ya kuzungumza kikundini

Kwetu hapa, ni nani mwenye amri ya kusema "chombo hiki hakiondoki"? Je, akisema, sisi abiria tutamuunga mkono ama tutamtukana? Na ufunguo wa sanduku la majaketi uko kwa nani?

Mkishazungumza, nendeni gatini mkaangalie kwa macho yenu. Halafu mtuandikie mlichokikuta.