Kwa nini Messi aliondoka Barcelona? Jibu liko kwenye daftari

Watoto wa siku hizi wanajua bei ya kila mchezaji. Lakini wakiuliza kwa nini Lionel Messi aliondoka Barcelona bure Agosti 2021, wazazi wengi hujibu tu kwamba klabu iliishiwa pesa. Hilo ni nusu ya jibu. Messi, aliyefika klabuni hapo akiwa na miaka 13, alikuwa amekubali kukatwa nusu ya mshahara. Mkataba wake wa zamani ulikuwa umekwisha, hivyo ilibidi aandikishwe upya, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Ligi Kuu ya Hispania huipangia kila klabu ukomo wake wa gharama za kikosi. Hesabu yake haiko mbali na ya nyumbani: yachukue mapato yanayotarajiwa msimu huo, toa gharama zisizohusu mpira, toa marejesho ya mikopo. Kinachobaki ndicho cha wachezaji na makocha. Korona ilifunga viwanja, mapato yakaporomoka, ukomo nao ukashuka. Rais wa klabu, Joan Laporta, alisema mishahara ikijumlishwa na wa Messi ingefika asilimia 110 ya mapato. Bila yeye, asilimia 95. Hata hiyo 95 inatisha! Siku chache baadaye Gerard Piqué alikubali kupunguziwa mshahara ili wenzake wapya, akiwamo Memphis Depay, waandikishwe.

Panapowachanganya wengi ni ada ya uhamisho. Mchezaji akinunuliwa kwa euro milioni 50 kwa mkataba wa miaka 5, vitabuni huandikwa milioni 10 kila mwaka, hata kama fedha zote zimelipwa siku ya kwanza. Mshahara ukiwa milioni 8, gharama yake kwa mwaka ni 18. Baada ya miaka 2 bado "anadaiwa" milioni 30 vitabuni. Akiuzwa kwa 40, klabu inaandika faida ya 10. Akiuzwa kwa 20, hasara ya 10.

Ndiyo maana mwaka 2023 Chelsea ilimpa Enzo Fernández mkataba wa zaidi ya miaka 8: miaka ikiwa mingi, kipande cha kila mwaka kinakuwa kidogo. UEFA iliuona ujanja huo, ikaamua ada isigawanywe kwa zaidi ya miaka 5.

Mzazi mwenye mtoto akademi aitazame hesabu hii kwa makini. Kijana aliyelelewa na klabu hana ada ya ununuzi vitabuni, kwa hiyo akiuzwa, karibu fedha yote ni faida. Mason Mount aliingia Chelsea akiwa na miaka 6. Mwaka 2023 aliuzwa Manchester United kwa pauni milioni 55, wakati kanuni za England zikiibana klabu isipate hasara inayozidi pauni milioni 105 kwa miaka 3. Kanuni iliyowekwa kuzilinda klabu ikageuka sababu nzuri ya kumuuza mtoto wa nyumbani kabla ya mgeni.